Kiti Alichonyimwa Sher Khan

Sher Khan anaingia kituo cha polisi kwa mwendo wa mtu aliyezoea kupishwa njia. Nywele na ndevu zake zina wekundu wa hina, kifua kiko mbele, na mtaani kwake hakuna karata inayochezwa bila yeye kupata fungu lake. Ameitwa na inspekta mpya. Anavuta kiti akae, na kabla makalio hayajafika kiti kinaruka: inspekta amekipiga teke. Anaambiwa asimame mpaka aruhusiwe kukaa, kwani hapo ni kituoni, si kwao.

Hapigani. Anampima kijana yule kwa macho, juu mpaka chini, kisha anamjibu kwamba kinachonguruma hapo ni sare na kiti cha serikali. Avue hiyo sare, aje mtaani, ndipo wataheshimiana. Inspekta anavua kweli. Anakwenda mtaani kwa Sher Khan peke yake, na nguo za raia, na wawili hao wanatwangana hadi pumzi zinawaishia. Mshindi hajulikani. Kinachojulikana ni kwamba Sher Khan hajawahi kukutana na askari wa namna ile, na tangu hapo anafunga vijiwe vyake vya kamari, anafungua gereji, anaanza kula kwa spana.

Hiyo ndiyo Zanjeer, filamu iliyoanza kuonyeshwa India tarehe 11 Mei 1973. Jina lake maana yake ni mnyororo. Inspekta Vijay Khanna alikuwa Amitabh Bachchan, kijana mrefu wa miaka 30 ambaye filamu zake nyingi zilikuwa zimeanguka. Sher Khan alikuwa Pran, mkongwe ambaye kwa miaka mingi watazamaji walimjua kama adui wa picha: mlafi wa mashamba ya wenzake, mwiba wa mabinti wa watu. Inasimuliwa kwamba wazazi wa Kihindi walifika mahali pa kuogopa kuwaita watoto wao jina hilo. Filamu ya Upkar ya mwaka 1967 ndiyo iliyoanza kumtoa kwenye ubaya, na Zanjeer ikammalizia kazi.

Wengi wakiieleza filamu hii husema ni hadithi ya polisi na mhalifu waliokuwa marafiki. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Ukiitazama kwa utulivu utaona kwamba urafiki wenyewe hauanzi mpaka mhalifu ameacha uhalifu. Na haujakaa vizuri, polisi naye anaacha kuwa polisi. Teja, tajiri anayeendesha biashara ya magendo jijini, anambambikia Vijay kesi ya rushwa. Vijay anavuliwa sare, safari hii bila hiari yake, na anakwenda jela miezi 6. Siku anayotoka, hesabu imegeuka juu chini: aliyekuwa mkubwa wa kamari ni fundi anayefuta oili mikononi, mwenye riziki ya halali, aliyekuwa inspekta ni mfungwa wa zamani mwenye doa la hongo. Wamebadilishana pande za sheria bila yeyote kati yao kubadilisha tabia yake. Vijay ni yuleyule mkaidi wa teke la kiti. Sher Khan ni yuleyule wa neno moja.

Hapo ndipo waandishi walipofanya jambo la ujanja. Kama sheria inaweza kumhamisha mtu mwema kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa kesi ya kubambikiwa, basi kuwa upande wa sheria si ushahidi wa chochote. Ushahidi ni nani anakuja kukutazama ukitoka jela. Sher Khan anakuja.

Vijay wakati huo ni mtu aliyekatika mkia. Alipokuwa mtoto, usiku wa Diwali, aliwaona wazazi wake wakipigwa risasi akiwa amejificha kabatini. Uso wa muuaji hakuuona. Aliona mkono tu, na kwenye mkono huo mnyororo wenye kidani cha farasi mweupe. Tangu siku hiyo farasi yule humjia ndotoni na kumwamsha na jasho. Sasa amekula kiapo mbele ya Mala, msichana mnoa visu anayempenda, kwamba ataacha kulipiza kisasi, na kiapo kimemfunga koo. Anakaa kimya kama mgonjwa. Sher Khan, jitu lile la kutisha, anasimama kumchezea na kumwimbia ili atabasamu. Wimbo huo, ulioimbwa kwa sauti ya Manna Dey, unauweka urafiki pale ambapo kwa kawaida mtu huweka imani yake. Mshairi wake, Gulshan Bawra, alipata tuzo ya Filmfare kwa maneno hayo.

Steringi mwenyewe haimbi hata wimbo mmoja katika Zanjeer. Kwa sinema ya Kihindi ya mwaka 1973 hilo lilikuwa kama harusi bila pilau. Wakati huo Rajesh Khanna alikuwa akitawala kwa macho ya kurembua na nyimbo za mapenzi, na waigizaji wakubwa hawakuona faida ya kucheza askari asiyecheka. Dev Anand aliletewa, hakuikubali. Dharmendra naye hakuicheza. Raaj Kumar pia aliipitisha pembeni, na hapa kuna kichekesho chake, kwa sababu kabla ya kuingia kwenye filamu Raaj Kumar alikuwa inspekta mdogo wa polisi wa kweli mjini Bombay. Aliyewahi kuivaa sare hiyo mtaani hakuitaka kwenye skrini.

Filamu ilitungwa na vijana wawili, Salim Khan na Javed Akhtar, waliokuwa wakisaini kazi zao kwa jina moja, Salim-Javed. Mwongozaji na mtayarishaji alikuwa Prakash Mehra. Inasimuliwa kwamba waandishi hao walimwona Bachchan akipigana katika Bombay to Goa ya mwaka 1972, huku anatafuna ubani wa mpira kama mtu asiye na haraka, wakajua ndiye. Zamani zile jina la mwandishi halikuwekwa kwenye bango la filamu. Wao hawakukubali. Walimtafuta mchoraji, wakamlipa, akazunguka mjini na rangi akiongeza jina la Salim-Javed juu ya mabango ya Zanjeer, na kwa kuwa maelekezo hayakuwa makali sana, mabango mengine yalipata maandishi hayo juu ya nyuso za waigizaji. Kisheria huo ni uharibifu wa mali ya mtu. Lakini ulifungua mlango: baada yao waandishi wa filamu India walianza kudai majina yao na malipo ya maana.

Bombay waliyoiandika haikuwa ya kubuni. Sheria ya mwaka 1968 ya kudhibiti dhahabu ilikuwa imebana biashara ya madini hayo kwa raia wa kawaida, katika nchi ambayo binti haolewi bila dhahabu, na matokeo yake majahazi yaliyotoka Dubai yalipata kazi ya usiku. Pombe nayo ilikuwa na historia ndefu ya kupigwa marufuku, na penye marufuku hapakosi mpikaji wa gongo la sumu. De Silva, mzee katika Zanjeer anayetembea na chupa tupu mkononi na kumpa Vijay taarifa kwa simu, ni baba aliyepoteza watoto wake kwa pombe ya aina hiyo. Jiji lilikuwa na wakubwa wake wa gizani: Haji Mastan, aliyeanzia bandarini, na Karim Lala, Mpathani mrefu aliyesikilizwa mitaani kuliko hakimu. Wengi huamini Sher Khan alichongwa kwa sura ya Karim Lala, kama wanavyoamini kwamba Vijay mwingine, wa filamu ya baadaye ya Deewaar, ana chembe za Haji Mastan. Watu wa mitaa ile walikuwa wakipeleka kesi zao kwa mabwana hao kwa sababu mahakama zilichelewa na polisi walikuwa na bei. Mtazamaji wa Bombay hakushangaa kumwona mtu wa kamari akiwa na heshima. Alishangaa kumwona polisi anayeistahili.

Hadithi ya watu wanaopendana huku sheria imesimama katikati ilikuwa imeanza zamani. Katika Awara ya mwaka 1951, Raj Kapoor ni mwizi, na rafiki yake wa utotoni, Rita, amekuwa mwanasheria. Rita, aliyechezwa na Nargis, anasimama mahakamani kumtetea, na kesi hiyo inamgusa jaji ambaye ndiye baba mzazi wa mshtakiwa. Pwani ya Afrika Mashariki inaijua filamu hiyo vizuri; kuanzia Zanzibar hadi Dar es Salaam, enzi ambazo kumbi kama Majestic, Empress na Avalon zilikuwa zikijaza familia nzima Jumapili, Awara ilipendwa hata na wasiojua neno la Kihindi. Mwaka 1957 Nargis huyohuyo alikuwa mama katika Mother India, mama anayempiga risasi mwanawe aliyegeuka jambazi. Mwana huyo alichezwa na Sunil Dutt. Mwaka uliofuata Nargis na Sunil wakaoana. Kisha ikaja Gunga Jumna ya mwaka 1961, ndugu wawili, mmoja mnyang'anyi na mwingine polisi, wakichezwa na Dilip Kumar na mdogo wake wa damu, Nasir Khan.

Tofauti ya Zanjeer ni kwamba Sher Khan hana undugu na Vijay. Hawakunyonya ziwa moja, hawakukua uwanja mmoja, hata dini si moja: Vijay ni Mhindu, Sher Khan Mwislamu wa Kipathani. Ndugu na mama wamefungwa na damu, hawana hiari. Hawa wawili walichaguana baada ya kupigana, na ndiyo maana deni lao linauma zaidi. Mtazamaji anayetafuta mahali ambapo filamu inamtahini Sher Khan ataona kwamba Mpathani hatikisiki.

Miaka 2 baadaye Salim-Javed walirudi kwenye damu, na wakawa wakali. Deewaar, iliyoongozwa na Yash Chopra na kutoka Januari 1975, ni ukuta kweli kama jina lake. Vijay, ambaye ni Bachchan tena, ni kuli wa bandarini aliyepanda hadi kuwa bwana wa magendo. Ravi, mdogo wake, aliyechezwa na Shashi Kapoor, ni inspekta. Mama yao anamchagua mwenye sare, na anahama nyumba ya kifahari ya Vijay. Mwisho wake Ravi anampiga kaka yake risasi, na Vijay anafia mikononi mwa mama hekaluni.

Huku kwetu vibanda vya video vina kanuni moja isiyoandikwa: steringi hafi. Atapigwa, atachomwa kisu, atatumbukizwa mtoni akiwa amefungwa kamba, lakini dakika za mwisho atasimama. Deewaar inavunja kanuni hiyo bila kuomba radhi. Na bado mtazamaji hatoki na Ravi moyoni. Anatoka na maiti. Medali ya Ravi inapotolewa jukwaani, makofi yake yanasikika kama ya watu wa mbali. Huo ndio uungwana wa filamu hiyo, na labda ndio uzembe wake pia: haikumwachia polisi hata rafiki mmoja wa kumwambia pole.

Sholay ilifuata mwaka huohuo, Agosti 15, ikiongozwa na Ramesh Sippy. Thakur Baldev Singh, inspekta wa zamani aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh, hatafuti askari wa kumsaidia. Anawatafuta wezi wawili aliowahi kuwakamata mwenyewe, Jai na Veeru. Sababu yake ni moja tu. Siku aliyokuwa akiwasafirisha kwa treni, wanyang'anyi walivamia, Thakur akajeruhiwa, na wezi hao wangeweza kukimbia. Walibaki. Ndiyo hesabu ileile ya Sher Khan, imewekwa kwenye mabehewa.

Kwa Sholay, serikali ya kweli iliingilia kati. India ilikuwa ndani ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na Indira Gandhi Juni 1975, na bodi ya ukaguzi wa filamu haikupenda mwisho ambao Thakur, kwa viatu vyenye misumari, anamkanyaga Gabbar hadi anakufa. Mtu aliyekuwa polisi hawezi kujichukulia sheria mkononi, hata kama hana mkono. Sippy alilazimika kupiga mwisho mwingine ambamo polisi wanafika wakati uleule, wanamzuia Thakur, wanamchukua Gabbar. Ukitazama mwisho huo huku ukijua hadithi yake, unaona polisi wanavyoingia kama mgeni asiyealikwa: saa 3 za filamu zimepita bila wao, na sasa wamekuja kuchukua sifa. Mwisho wa awali haukupotea. Ulionekana baadaye, na ndio unaofanana na filamu yenyewe. Pamoja na hayo Sholay ilikaa zaidi ya miaka 5 katika ukumbi wa Minerva, Bombay.

Halafu kuna Dostana ya mwaka 1980, na hapa Mswahili ana la kwake la kusema. Kamusi zetu zina neno dosti, maana yake rafiki, sahibu. Kwa Wahindi rafiki ni dost, na dosti ni urafiki wenyewe. Neno lilivuka bahari, likaacha kuwa tendo, likawa mtu.

Katika Dostana, iliyoongozwa na Raj Khosla na kutayarishwa na Yash Johar, Bachchan ni polisi anayewakamata wahalifu mchana, na Shatrughan Sinha ni rafiki yake kipenzi, wakili anayewatoa kesho yake. Salim-Javed waliigeuza hadithi tena: hakuna mhalifu kati ya hao wawili. Wote wanakula kwa sheria ileile, mmoja kwa pingu, mwingine kwa kifungu kidogo ambacho mwenzake hakukisoma vizuri. Jioni wanakutana na kutaniana. Uzuri wa filamu uko katika nusu hiyo ya kwanza, ambapo kesi zinapotea na hakuna anayenuna. Kisha anaingia Zeenat Aman, wote wawili wanampenda, Prem Chopra analeta fitina, na filamu inaacha swali lake zuri na kuingia kwenye wivu, ambao picha nyingine mia zilikuwa zimekwisha kuumaliza. Ni hasara. Lile la wakili na polisi lingetosha. Salim na Javed wenyewe, waliokuwa wakiandika juu ya urafiki usiovunjika, waliachana kikazi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Urithi wa Zanjeer ulitambaa mbali. Mwezi uliofuata baada ya kutoka kwake mwaka 1973 Bachchan alimwoa Jaya Bhaduri, mnoa visu wa filamu hiyo, na mwaka 1974 ikarudiwa kwa Kitelugu na Kitamil. Mwaka 2013 ikatengenezwa upya kwa Kihindi, ikiongozwa na Apoorva Lakhia. Ram Charan akawa inspekta, Priyanka Chopra akawa Mala. Kwa Sher Khan walimchagua Sanjay Dutt, mtoto wa Nargis na Sunil, yaani mtoto wa mama aliyempiga risasi jambazi na wa jambazi aliyepigwa.

Dutt hakuhitaji kufundishwa upande wa pili wa sheria. Alikamatwa Aprili 1993 kwa kumiliki silaha bila kibali, katika upelelezi wa milipuko iliyoua mamia ya watu Bombay mwezi uliotangulia, na Agosti mwaka huo filamu yake ya Khalnayak, ambamo anacheza mhalifu anayesakwa na polisi, ilijaza kumbi. Mahakama haikumwona gaidi, lakini kosa la silaha lilibaki. Kesi ilizunguka miaka 20. Machi 2013 Mahakama ya Juu ya India ilithibitisha hatia yake na kupunguza kifungo kuwa miaka 5, ambacho alikuwa amekwisha kutumikia sehemu yake, na Mei mwaka huo alijisalimisha.

Pran alifariki tarehe 12 Julai 2013, akiwa na miaka 93. Tarehe 6 Septemba Zanjeer mpya ilifunguliwa na haikupendwa. Mabangoni, inspekta na rafiki yake walikuwa wamesimama pamoja. Sher Khan mwenyewe alikuwa gerezani Yerwada, Pune, ambako kazi ya Dutt ilikuwa kutengeneza mifuko ya karatasi kwa ujira wa rupia chache.